Catalina Trico, Bibi wa Wajukuu wa Brooklyn



Tumekutana tena, wengine mkitoka Muscat, wengine London na Toronto, na sisi wenyeji wenu wa hapa New York. Kamati imeniomba niandike machache ya historia. Najua wengi mlitarajia habari za Tanga. Lakini kwa kuwa safari hii tunakutana Brooklyn, nitaanza na bibi mmoja aliyehamia mahali hapa karne nne zilizopita, kisha nitaeleza kwa nini anatuhusu.

Bibi huyo ni Catalina Trico. Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 17 katika kijiji cha Prisches, ambacho leo kimo Ufaransa, na lugha yake ilikuwa Kifaransa. Akiwa na umri wa miaka kumi na minane hivi alikuwa Amsterdam, Uholanzi, na huko aliolewa na kijana Joris Rapalje mwezi Januari 1624. Siku chache tu baada ya harusi wakapanda merikebu iliyoitwa Eendracht, iliyochukua walowezi wa Kampuni ya Uholanzi ya India Magharibi kwenda koloni jipya la Amerika. Fungate yao ikawa baharini.

Walipelekwa juu ya mto Hudson, mahali ilipo sasa Albany. Hapakuwa na nyumba. Walijenga vibanda vya magome ya miti kando ya ngome. Hapo mwaka 1625 akajifungua Sarah, anayehesabiwa kuwa mtoto wa kike wa kwanza wa Kizungu kuzaliwa katika koloni hilo. Baada ya miaka mitatu hivi wakahamia Manhattan. Mwaka 1637 Joris alipata shamba la ekari 335 hivi hapa Brooklyn, kando ya ghuba ya Wallabout, na baadaye ndipo walipokaa. Mungu aliwajaalia watoto kumi na mmoja.

Joris alifariki mapema katika miaka ya 1660, na mwaka 1664 Waingereza wakalitwaa koloni. Mwaka 1680 msafiri Mholanzi, Jasper Danckaerts, alimtembelea bibi huyu, akaandika kwamba watoto, wajukuu na vitukuu wake walikuwa wamefika 145. Hata hivyo alikaa peke yake, kando kidogo ya wenziwe, akijitegemea kwa bustani yake ndogo. Nani kati yetu hamjui bibi wa namna hiyo?

Sasa nafika penye kiini cha maneno yangu. Catalina hakujua kuandika. Lakini mwezi Oktoba 1688, akiwa na umri wa zaidi ya miaka themanini, hakimu alimwendea nyumbani kwake Wallabout na kuandika ushahidi wake wa kiapo. Alitaja jina la merikebu na nahodha wake. Akaeleza familia ngapi zilipelekwa mto upi. Akasimulia jinsi wenyeji wa nchi walivyokuja na ngozi za biva kufanya mapatano ya urafiki, na jinsi walivyokaa nao kwa amani. Mwaka uliofuata akafariki. Mengi tunayoyajua juu ya walowezi wale wa kwanza yametoka katika kinywa cha mwanamke huyo.

Lakini haki itendeke kwa wote. Ushahidi ule ulihusu miaka ya mwanzo tu. Amani aliyoisifu haikudumu: usiku mmoja wa Februari 1643, kwa amri ya gavana Willem Kieft, askari waliwaua wenyeji zaidi ya mia moja, watoto wachanga wakiwamo, ng'ambo ya mto na hapo Manhattan. Bibi wa wenyeji hao hakuendewa na hakimu yeyote. Tusomapo habari za walowezi tuwakumbuke wenye nchi.

Ndugu zangu, nami nina la kuungama. Katika utumishi wangu serikalini nilikuwa karani wa mambo ya ardhi. Kwa miaka mingi niliandika ushahidi wa wazee wa watu: mti gani ulikuwa mpaka, nani alimrithi nani. Bibi yetu aliniambia zaidi ya mara moja, "Mjukuu wangu, njoo na kalamu yako nikueleze habari za shamba." Nilimjibu kuwa nitakuja likizo ijayo. Mwaka 1989 alifariki, na kalamu yangu mfukoni. Mnajua wenyewe kwamba matawi mawili ya ukoo huu hayasemezani vizuri mpaka leo kwa sababu ya mpaka wa minazi ile. Jambo ambalo bibi angelimaliza kwa saa moja limetushinda miaka zaidi ya thelathini.

Shangazi yetu mkubwa yuko nasi katika mkutano huu, na akili yake ni timamu. Nawaomba vijana mkae naye, mmoja akiuliza na mwingine akiandika. Mwulizeni majina, mipaka, na hata yale ambayo sisi wakubwa hatupendi yatajwe. Majuto ni mjukuu. Nami nimekwisha kuwa babu yake.

Ndimi ndugu yenu, mstaafu.