Bibi Anayefuatwa na Vifo

Angela Lansbury alifariki tarehe 11 Oktoba 2022, akiwa na miaka 96. Mimi nilikuwa Mpanda kwa likizo, nyumbani kwa Bibi, Makanyagio. Kwenye flashi nilikuwa na sehemu kadhaa za tamthilia yake, Murder, She Wrote, nikasema jioni ile tumuage kwa kutazama ile ya kwanza kabisa.

Tulikuwa watu wanne mbele ya kompyuta moja: Bibi, mama mdogo, binamu yangu na mimi. Bibi hajui Kiingereza, kwa hiyo nilitafsiri kwa sauti, nikijifanya Lufufu wa kwenye vibanda vya video.

Kwa asiyeijua, tamthilia hii ilioneshwa Marekani kuanzia 1984 hadi 1996, jumla ya sehemu 264. Inamhusu Jessica Fletcher, mjane, mwalimu mstaafu wa Kiingereza anayeishi Cabot Cove, mji mdogo wa kubuni katika jimbo la Maine. Anaandika riwaya za upelelezi, na kila mara anajikuta karibu na maiti. Hata hivyo si tamthilia ya kutisha. Muziki wa mwanzo ni piano ya kuchangamsha, damu ni chache, na mara nyingi mwisho unamkuta Jessica anacheka.

Katika sehemu ya kwanza, mpwa wake anapeleka riwaya yake kwa mchapishaji bila yeye kujua. Kitabu kinapendwa, Jessica anaitwa New York. Kwenye sherehe ya watu waliovaa mavazi ya kuigiza, mtu aliyevaa kama Sherlock Holmes anakutwa amekufa kwenye bwawa la kuogelea. Polisi wanamkamata yule mpwa. Jessica hapigi kelele. Anauliza tu: nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani alimwona?

Hapo binamu yangu, ambaye alishatazama sehemu nyingine nyingi, akadakia: "Lakini huyu bibi kila anakokwenda mtu anakufa. Wasihangaike, mchawi ni yeye!"

Tulicheka sana. Mzaha huo si wake peke yake. Hata Wamarekani wamekuwa wakitania kwamba Cabot Cove ni mji wa hatari kuliko yote duniani. Bibi hakucheka. Alijifunika vizuri kitenge chake, akasema, "Endelea kutafsiri, mume wangu."

Usiku, baada ya wengine kulala, mama mdogo alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Siku zote niliamini Bibi alihamia mjini ili awe karibu na hospitali. Kumbe mwaka 1999, katika kijiji kimoja upande wa Inyonga, mtoto wa jirani aliugua homa na kufariki siku ya tatu. Wenye msiba walikwenda kwa mganga wa ramli. Mganga hakutaja jina. Alisema ni mwanamke, anaishi peke yake, nyumba yake iko upande wa machweo, na macho yake ni mekundu. Bibi alikuwa mjane, na macho yake yalikuwa na wekundu wa miaka mingi ya moshi wa kuni. Kabla ya alfajiri, kaka yake alimpakia kwenye lori la tumbaku. Hajarudi kule hadi leo.

Nilikosa usingizi. Imekuwaje mwanamke wa aina ileile, mjane, mzee, anayejua habari za kila nyumba, kwao awe mpelelezi na kwetu awe mshukiwa? Jibu la haraka ni kwamba wao wana sayansi na sisi tuna ushirikina. Historia ya kwao inalikataa jibu hilo.

Mwaka 1692 Maine ilikuwa sehemu ya koloni la Massachusetts. Mwaka huo, huko Salem, watu 19 walinyongwa kwa kosa la uchawi. Mmoja, mchungaji George Burroughs, alikamatwa huko huko Maine. Mwingine alikuwa Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71, mgonjwa na mzito wa kusikia. Jopo la waamuzi lilisema hana hatia. Mahakama ikawataka wafikiri upya, kwa sababu ya maneno fulani aliyoyatamka mwenyewe. Alipoulizwa alimaanisha nini, alinyamaza. Baadaye alieleza kwamba hakusikia swali. Alinyongwa tarehe 19 Julai.

Ushahidi mkubwa wa kesi hizo ulikuwa mizuka. Wasichana walidai kuona kivuli cha mshitakiwa kikija kuwatesa, kivuli ambacho wengine mahakamani hawakukiona. Mwezi Oktoba gavana aliivunja mahakama ile. Mahakama mpya ya mwaka 1693 haikutegemea tena mizuka, na wengi mno wa waliofikishwa mbele yake wakaachiwa. Watu wale hawakuwa wameacha kuamini uchawi. Kilichobadilika kwanza ni kile kilichokubalika kuwa ushahidi.

Kwetu, Sheria ya Uchawi ni ya mwaka 1928, enzi za Waingereza. Haimbani anayedaiwa kuroga peke yake. Hata anayemtaja mwenzake kuwa mchawi nje ya mamlaka zinazotambuliwa anafanya kosa. Pamoja na sheria hiyo, takwimu zilizokusanywa kwa miaka ya 1970 hadi 1984 katika mikoa ya bara zinaonesha watu 3,693 waliouawa kwa sababu za uchawi. Kati yao, 2,286 walikuwa wanawake. Sheria ilikuwepo, lakini usiku wa msiba kijijini polisi yuko mbali, na mganga yuko nyumba ya kumi.

Mganga na Jessica wote wanaitwa kwa sababu ya swali lilelile: nani kamuua? Tofauti ni kwamba Jessica hataji mtu mpaka dakika za mwisho, baada ya kuuliza kila mmoja. Mganga anaanza na mhusika, na baada ya hapo hakuna anayeuliza kitu.

Asubuhi nilimkuta Bibi uani akichambua mchele. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda. Hakuniuliza nani alikuwa muuaji, ingawa usiku ule alikwenda kulala kabla ya mwisho.

"Yule polisi," akasema, "mbona anamsikiliza yule mama?"

"Mwanzoni hamsikilizi, Bibi. Anamsikiliza akishaleta ushahidi."

Akapepeta ungo mara mbili. "Mimi hakuna aliyeniuliza siku zile nilikuwa wapi."

Nilisita, kisha nikamuuliza miaka 23 baadaye, kama Jessica angeuliza. "Ulikuwa wapi, Bibi?"

"Nilikuwa kwao," akasema. "Nilikuwa namnywesha uji yule mtoto."