Nani Alimwua? Mwavi na Tuhuma ya Zinaa

Zamani katika nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, iliko Tunduma yetu, mke aliyetuhumiwa kuzini aliweza kunyweshwa mwavi, sumu ya gome la mti. Wanyakyusa huuita umwafi. Akitapika, hana hatia. Asipotapika, sumu hushika moyo, akafa, na watu wakasema: kumbe kweli!

Hebu fikiri. Huenda asiye na hofu hunywa kwa mkupuo, tumbo likakataa. Mwoga hunywa kidogo kidogo, sumu ikapenya. Labda kilichopimwa ni woga, si zinaa! Ulaya nako makasisi walikatazwa kubariki hukumu za moto na maji mwaka 1215 tu. Qur'ani ilikwisha taka mashahidi wanne, na msingiziaji viboko 80.

Aliyemkorogea marehemu alirudi kwake, wala hakuitwa muuaji.