Historia ya Kutambua Uyoga wa Wino

Uyoga wa wino ni kundi la uyoga wa mwitu ambao kofia yake, ikishakomaa, huyeyuka kuanzia ukingoni na kudondosha majimaji meusi yaliyowahi kutumiwa kuandikia. Mwaka 1780 Otto Friedrich Müller wa Denmark alieleza ule mrefu mweupe wenye magamba yaliyochanguka kama manyoya, na mwaka 1786 Pierre Bulliard wa Ufaransa akaeleza ule wa kijivu wenye kofia laini. Christiaan Hendrik Persoon aliunda mwaka 1797 jenasi ya Coprinus, yaani kundi la spishi zinazodhaniwa kuwa na asili moja, na kwa miaka mingi wataalamu waliukusanya humo karibu kila uyoga uliogeuka wino.

Mwanzoni mwa karne ya 20, A. H. Reginald Buller, aliyefundisha Winnipeg nchini Kanada, alionyesha kwamba kuyeyuka huko si kuoza: spora, ambazo ni chembe za uzazi, hukomaa kwanza sehemu ya chini ya vibamba vilivyo ndani ya kofia, na zikishaanguka, sehemu hiyo hujimeng'enya ili spora za juu zipate njia.

Umuhimu wa kutofautisha spishi ulidhihirika zaidi mwaka 1975, watafiti wa Uswidi na wa Marekani walipobainisha koprini, kemikali ya uyoga wa kijivu inayozuia mwili kukamilisha kuvunjavunja pombe, hata mlaji aliyekunywa akawiva uso, moyo ukamwenda mbio na akatapika, ilhali ule mweupe wenye pete inayosogea kwenye shina huliwa bila madhara hayo ukiwa mchanga.

Mwaka 2001 uchunguzi wa vinasaba uliligawa kundi lenyewe: uyoga mweupe ulibaki Coprinus, karibu na uyoga wa kawaida wa madukani, na spishi nyingi zikahamishiwa jenasi nyingine, ikiwamo Coprinopsis. Uyoga mmoja wa jenasi hiyo huota kwenye mabaki ya mkonge nchini Tanzania, ambako watafiti walichapisha mwaka 2008 matokeo ya kuupanda kwa ajili ya chakula.

Kwa hiyo wino peke yake si kitambulisho, na mchumaji anapaswa kuchunguza pamoja magamba, pete, rangi na mahali uyoga ulipoota, wala asile uyoga wowote ambao mjuzi hajauthibitisha.