Ulishaji wa Mtoto Mchanga na Bakteria wa Utumbo

Chakula apewacho mtoto tangu saa ya kuzaliwa hata akalikizwa ndicho, kwa sehemu kubwa, kiamuacho ni bakteria wa namna gani watakaofanya maskani katika utumbo wake. Habari za vijidudu hivyo zilichapishwa na tabibu Theodor Escherich mwaka 1886. Na karibu na mwaka 1900 Henry Tissier wa Paris akagundua, katika kinyesi cha watoto wa ziwa la mama, bakteria wenye umbo la panda, ambao leo huitwa bifidobakteria.

Lita moja ya maziwa ya mama huwa na takriban gramu 5 hadi 15 za sukari za aina ya pekee, ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Hupita tumboni zikiwa nzima hata zifike utumbo mpana, na huko ndiko zinakokuwa riziki ya bifidobakteria, nao kwa kuzila hutoa asidi isiyowapendeza vijidudu vya maradhi. Ajabu ni kwamba mama hutengeneza chakula kingi namna hii kwa ajili ya wageni wa mwanawe.

Kwa msomaji wa Nakwa, mjini Babati, mkoani Manyara, ushahidi wa mambo haya hauko mbali. Wahadzabe wa pande za ziwa Eyasi, wasiofuga wala kukama, walichunguzwa katika utafiti uliotangazwa mwaka 2014, ikaonekana kwamba wakubwa wao hawana bifidobakteria. Ilhali utafiti wa 2022 uliwakuta watoto wao wachanga wakiwa na wingi wa Bifidobacterium infantis, aina iliyokwisha kuwa adimu katika nchi za viwanda. Huko Haydom, wilayani Mbulu, katika mkoa huo huo, watoto walifuatiliwa tangu kuzaliwa, pamoja na wenzao wa nchi nyingine 7, ikadhihirika kuwa vijidudu kama Shigela humdumaza mtoto hata asipoharisha. Kati ya watoto 1,188 wa huko, wengine wakapewa dawa za kuua vijidudu, wengine vitamini, na wengine dawa bandia. Walipotimiza miezi 18 kimo chao hakikupishana.

Tanzania hufuata agizo la kumpa mtoto dang'a ndani ya saa moja, kisha ziwa tupu kwa miezi 6, pasipo hata maji, na kuendelea kunyonyesha hadi miaka 2 au zaidi, muda ambao Waislamu wanaujua tangu kale. Lakini mama aendaye kulima aghalabu humwachia bibi mtoto pamoja na kikombe cha maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji, na hapo kazi ya bifidobakteria huanza kuharibika.

Wako wanaodai kwamba ziwa la mama huzuia unene na maradhi yote ya utu uzima. Madai hayo yamezidi kipimo: jaribio kubwa la Belarusi, lililoandikisha akina mama 17,046, lilionyesha kupungua kwa kuhara na ukurutu katika mwaka wa kwanza, wala halikuonyesha kwamba watoto walikua wakiwa wembamba zaidi.

Uji nao una hadithi yake. Kusini mwa pwani ya Kenya watoto wa miezi 6 walitiliwa unga wa madini ya chuma katika uji wa mahindi kwa miezi 4, kwa nia njema ya kuongeza damu. Matokeo, yaliyotangazwa mwaka 2015, yalikuwa kuongezeka kwa bakteria wa maradhi na dalili za uvimbe wa utumbo. Mwaka 2017 ikatangazwa kuwa chuma hicho, kikiandamana na sukari zinazofanana na zile za maziwa, hakileti madhara kwa kiasi kile.