Kulanti: kuongeza si kubadilisha

Muulize dereva lini alibadilisha oili ya injini, atakutajia hata kilomita. Muulize kuhusu kulanti, atakwambia aliiongeza juzijuzi, au kwamba chupa bado imejaa. Hapo swali halijajibiwa. Kulanti inaweza kujaa hadi alama ya juu na bado ikawa imechoka, injini ikiliwa na kutu kutoka ndani.

Kulanti ni kimiminika kinachozunguka kati ya injini na rejeta kikisukumwa na pampu ya maji. Kwa kawaida nusu ni maji na nusu ni ethilini glikoli, pamoja na kiasi kidogo cha kemikali za kuzuia kutu. Maji hubeba joto. Glikoli huchelewesha kuchemka na pia kuganda: mchanganyiko wa nusu kwa nusu huganda kwenye takribani nyuzi 37 za Selsiasi chini ya sifuri. Kemikali nazo hulinda aluminiamu, chuma na shaba.

Jina la zamani la kimiminika hiki ni "maji ya rejeta", na ndilo linaloponza magari. Aliyelizoea haoni ubaya wa kujaza maji ya bomba au ya kisima. Maji yenye chumvichumvi huacha ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika, na ukoko huo huziba mirija myembamba ya rejeta.

Jina la pili, "antifrizi", limetoka nchi za baridi. Dereva wa Tanga akilisikia husema kwake hakuna barafu, basi halimhusu. Lakini lori linalopanda mlima wa Kitonga kwa gia ndogo linaihitaji kulanti hiyohiyo ili lisichemshe. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko maji kwenye sufuria iliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 94. Thamostati nyingi, yaani vali zinazoruhusu kulanti kwenda kwenye rejeta, huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 90. Kwa hiyo gari lenye maji matupu, na kifuniko cha rejeta kilicholegea kisichoshika tena shinikizo, lina nafasi ndogo sana kabla ya kuchemsha.

Jina la tatu ni "kipozaji", na ndilo linalofaa vitabuni. Limetokana na kitenzi "kupoza", na linakaa vizuri kando ya "kilainishi", yaani oili na grisi. Upungufu wake ni kwamba linataja kazi moja tu. Kazi ya kulinda haimo, ingawa ndiyo inayoamua lini kimiminika kibadilishwe. Kwa hiyo napendekeza kila fasili ya kulanti iseme wazi: ni kipozaji chenye dawa ya kutu. Kiswahili kimezoea kulitumia neno "dawa" hivyo. Tuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbao. Na kila mtu anajua kwamba dawa huisha nguvu hata kama chupa haijaisha.

Ndivyo inavyotokea ndani ya injini. Glikoli haiishi, lakini joto na hewa huigeuza polepole kuwa asidi. Kemikali za kinga huipunguza makali asidi hiyo na kufunika chuma, huku zenyewe zikitumika. Zikiisha, kutu huanza, kulanti huwa ya kahawia, sili ya pampu huvuja, na mwisho gasketi ya silinda hedi huungua.

Muda wa kubadilisha hutegemea aina ya dawa. Kulanti za zamani, zenye silikati, hubadilishwa kila baada ya miaka 2 au karibu kilomita 50,000. Zile ambazo dawa yake ni asidi ogani hudumu takribani miaka 5, na baadhi hufika kilomita 240,000. Toyota, kwa kulanti yake ya waridi ya muda mrefu, imekuwa ikielekeza ibadilishwe mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000, kisha kila kilomita 80,000. Mwongozo wa gari ndio wa kufuatwa, na kati ya miaka na kilomita, kinachotangulia ndicho kinachohesabiwa. Rangi isikudanganye: kila kampuni huchagua yake, na kuchanganya aina mbili kunaweza kufupisha maisha ya zote. Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yasiyozidi miaka 8. Gari la umri huo likishuka bandarini Mombasa bila kumbukumbu za huduma, libadilishiwe kulanti mara moja.

Kuna pia tatizo la kitenzi. Gereji nyingi husema "nimeweka kulanti", na neno hilo huficha mambo matatu. Kuongeza ni kujazia pale palipopungua. Kusafisha ni kupitisha maji safi mpaka yatoke meupe. Kubadilisha ni kumwaga yote ya zamani na kujaza mpya, kisha kuiwasha injini ili hewa iliyobaki itoke. Anayelipia kubadilisha asikubali kuongezewa. Amwone fundi akiweka beseni chini ya rejeta na kufungua koki ya chini injini ikiwa imepoa, maana kifuniko kikifunguliwa injini ikiwa ya moto, kulanti huunguza uso na mikono. Kilichomwagwa kisiachwe kwenye mfereji wala kwenye kopo wazi: glikoli ina ladha tamu na ni sumu inayoua watoto na mifugo.

Mafundi wengi hubandika karatasi yenye kilomita za oili ijayo. Karatasi hiyo iongezewe mstari mmoja: "Kulanti imebadilishwa", aina yake, tarehe na kilomita. Pasipo mstari huo, mnunuzi wa pili wa gari atabaki kuitazama chupa iliyojaa na kuamini kwamba injini iko salama.