Tauni ya Kiziba na safari ndefu ya kuitafutia jina

Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza mlipuko wa Marburg wilayani Biharamulo, Januari 20, 2025, jambo moja halikuzungumzwa sana. Sampuli ilipimwa kwanza kwenye maabara inayohamishika ya Kabaile, hukohuko Kagera, ndipo Dar es Salaam ikathibitisha. Kwa mkoa uliozoea kupeleka magonjwa yake mbali ili yapewe jina, hiyo si habari ndogo.

Marburg ni kirusi, na kirusi hakioti bila chembe hai. Bakteria, kama wale wa tauni, huota. Wakiwekwa kwenye chakula na joto linalowafaa hukaa kimya kidogo, kisha kila mmoja hugawanyika kuwa wawili, wawili wanne, mpaka chakula kiishe na waanze kufa. Wale wa utumbo wanaoitwa E. coli hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa saa kumi, mmoja aweza kuzaa zaidi ya bilioni moja. Ufundi wa kuwaotesha tunaujua kwa jina la Mjerumani Robert Koch, ingawa wazo la kugandisha chakula hicho kwa agari lilitoka kwa Fanny Hesse, mke wa msaidizi wake, na sahani ya kukiwekea ilibuniwa na Julius Petri mwaka 1887.

Koch huyohuyo alifika Dar es Salaam mwaka 1897, akitokea India alikochunguza tauni. Habari zikamfikia kwamba Kiziba, eneo ambalo leo liko Wilaya ya Missenyi, watu walikuwa wakivimba mitoki na kufa. Wenyeji waliuita ugonjwa huo rubwunga, na walikwishajua kwamba panya wakianza kufa, zamu ya watu imekaribia. Daktari Zupitza akatumwa huko. Alipasua maiti na kumpelekea Koch sampuli, wakati ambapo hapakuwa na reli kutoka Ziwa Victoria hadi pwani. Koch akathibitisha: ni tauni. Mwaka 1898 akaieleza hadhara ya Ujerumani kwamba ugonjwa huo una makao yake ya kudumu katika pembe hii ya Afrika.

Sifa zote zilimwendea Koch. Zupitza hatajwi sana, na watu wa Kiziba, waliosoma dalili za panya bila hadubini, hawatajwi kabisa. Hapo historia imewapunja.

Ugomvi wa nani aligundua bakteria wa tauni ulikwishawaka Hong Kong mwaka 1894. Kitasato, mwanafunzi wa Koch, alipokewa kwa heshima, akapewa maiti na vifaa. Mpinzani wake, Alexandre Yersin, alinyimwa maiti, akawahonga mabaharia wa Kiingereza ili aingie chumba cha maiti, akafanyia kazi kibandani. Hakuwa na kabati la joto la kuoteshea bakteria, na ukata huo ukamfaa: bakteria wa tauni hustawi kwenye nyuzi 28 hivi, na joto la hewa ya Hong Kong lilitosha. Inaaminika kwamba kabati la Kitasato, lenye joto la mwili wa binadamu, liliotesha pia bakteria wengine, maelezo yake yakavurugika. Leo bakteria huyo anaitwa Yersinia pestis.

Huku kwetu, miongo iliyofuata ilileta reli, viuavijasumu na hospitali za wilaya.

Kisha mwaka 2006 ikaripotiwa kwamba bakteria mwingine yumo Kagera, safari hii migombani: yule anayeleta mnyauko. Kwenye agari huota madoa ya manjano yenye utelezi; shambani, shina likikatwa hutoka uji wa rangi hiyohiyo. Huko Mabira, wilayani Kyerwa, ambako mgomba ndio chakula cha nyumbani, mkulima hangoji sahani. Huvunja ua dume kwa mti wenye panda, hung'oa shina lililougua na kupitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Watafiti wa Maruku, karibu na Bukoba, ndio wenye jukumu la utafiti wa migomba ya mkoa huu. Serikali itakapopanga tena maabara za Kagera, iwafikirie na wakulima wa Mabira: nao wana sampuli za kupimwa.