Kambare na Ndoana: Habari za Uvuvi Tangu Kale

Jioni hii twataka kuzungumza juu ya ndoana, mshipi, chambo na ufito, yaani vyombo vya kumvulia kambare, na jinsi watu walivyovichagua tangu zamani za kale. Yamkini mtu atauliza: Je, hiyo nayo ni historia? Vitabu vya shule hutufundisha habari za wafalme, vita na safari ndefu. Lakini wafalme wale walikula, na askari wale walikula, na mtu aliyewapatia kitoweo naye alikuwa na elimu yake. Elimu ya mvuvi haikuandikwa katika karatasi. Hukaa ndani ya chombo chake. Tukikitazama chombo hicho kwa makini twaweza kujua aliyekitengeneza alikuwa akifikiri nini.

Neno tutakalo kulionyesha ni hili: kambare hakupatikana kwa nguvu wala kwa bahati, bali kwa kujulikana tabia zake. Na kujua tabia zake kwaweza kumlinda au kumwangamiza, kwa kadiri mtu atakavyoitumia elimu hiyo.

Kambare tumsemaye ni yule wa maji baridi, asiye na magamba, mwenye kichwa kipana kilichobapa na ndevu 8 kinywani. Watu husema kwa mzaha juu ya nyumba isiyo na mkubwa kwamba ni nyumba ya kambare: baba ana ndevu, mama ana ndevu, na mtoto ana ndevu. Katika elimu ya viumbe jina lake ni Clarias gariepinus. Mwingereza William Burchell alimweleza mwaka 1822, na jina lake limetokana na mto Gariep wa Afrika ya Kusini, ambao Wazungu waliuita Orange. Samaki huyo huyo yuko katika Ziwa Victoria na katika mito yetu mingi, tena yuko katika mto Nile mpaka Misri. Kwa hiyo habari za mvuvi wa Misri na habari za mvuvi wa Mwanza au Kisumu ni habari za samaki mmoja.

Ndevu zake si pambo. Kambare hutoka kutafuta chakula usiku hasa, tena hukaa katika maji ya matope ambamo macho hayafai sana. Kwa ndevu hizo hugusa na kuonja vitu vilivyo mbele yake. Tena hachagui chakula: hula wadudu, konokono, samaki wadogo, mbegu, na hata mizoga. Kichwani, karibu na matamvua, ana kiungo kimwezeshacho kuvuta hewa, ndiyo maana huweza kuishi katika dimbwi linalokauka wakati samaki wengine wamekwisha kufa. Na mvua kubwa zinyeshapo huacha ziwa au mto, akapanda katika mabonde yaliyofurika, akataga mayai majanini. Mambo hayo matatu, yaani kunusa na kuonja, kula kila kitu, na kupanda wakati wa mafuriko, ndiyo yaliyowapa watu njia za kumvua.

Njia ya kale kupita zote tuzijuazo ilikuwa kumngojea kwenye maji machache. Kwenye mto Semliki, utokao katika Ziwa Edward upande wa Kongo, pana mahali paitwapo Katanda. Hapo wataalamu Alison Brooks na John Yellen walichimbua machusa ya mfupa yenye meno, pamoja na mifupa ya kambare wakubwa, wakatangaza habari zake mwaka 1995. Umri wa vitu hivyo ulipimwa ukaonekana kuwa yapata miaka 90,000. Wako wataalamu waliobisha juu ya hesabu hiyo, lakini hakuna abishaye kwamba ni vitu vya kale mno. Kwa kuwa samaki wale walikuwa wakubwa, wachimbaji walifikiri kwamba watu walikuja pale katika majira ya kutaga, kambare wazima walipokaribia ukingo. Basi watu wale walikuwa wamekwisha kujua majira.

Si Semliki peke yake. Karibu na Aswan, huko Misri, katika bonde liitwalo Wadi Kubbaniya, ilionekana mifupa ya kambare kwa maelfu katika makambi ya watu walioishi yapata miaka 20,000 iliyopita. Hao nao walimpata kambare Nile ilipofurika na kuacha madimbwi.

Lakini chusa lina upungufu wake. Lafaa pale samaki anapoonekana, nayo mafuriko hayadumu. Je, miezi ya kiangazi, kambare akaapo kilindini, mtu atakula nini? Hapo ndipo ndoana inapofaa kuliko chusa, kwa sababu humfuata samaki mahali jicho lisipofika. Mwenye chusa humwendea samaki. Mwenye ndoana humfanya samaki aje mwenyewe. Ndiyo sababu ndoana haifai kitu bila chambo, wala chambo hakifai bila kujua samaki apenda nini.

Wamisri wa kale walimjua sana kambare. Mfalme Narmer, aliyetawala yapata mwaka 3100 kabla ya kuzaliwa Kristo, jina lake liliandikwa kwa picha mbili, kambare na patasi. Bamba la jiwe lenye jina hilo lilifukuliwa Hierakonpolis mwaka 1898. Ndoana zao zilikuwa za shaba. Za kwanza hazikuwa na kile kijino kinachorudi nyuma karibu na ncha. Kwa hiyo mvuvi alipaswa kuukaza mshipi wakati wote, kwa maana ukilegea kidogo samaki huchomoka. Baadaye wakaongeza kijino. Ni kitu kidogo kuliko punje ya mtama, lakini kilimpa mvuvi nafasi ya kupumua.

Katika picha zilizochongwa makaburini huko Sakara, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, twamwona mvuvi ndani ya mtumbwi wa mafunjo, ameshika mshipi kwa mkono, na mwishoni mwa mshipi ziko ndoana kadhaa. Katika kaburi moja la Beni Hasan, lililochorwa yapata mwaka 1900 kabla ya Kristo, yuko mtu avuaye kwa ufito. Kwa nini mmoja ana ufito na mwingine hana? Aliye mtumbwini yuko juu ya kilindi, naye huuteremsha mshipi moja kwa moja. Aliye ukingoni hana budi kuuvusha mshipi juu ya matete na magugu, na mkono wa mwanadamu ni mfupi. Ufito ni mkono ulioongezwa urefu.

Katika nchi za maziwa yetu wahunzi walifua ndoana za chuma, na mishipi ilisokotwa kwa nyuzi za mimea. Mwaka 1877 kiwanda cha Mustad huko Norway kilianza kutengeneza ndoana, na baadaye ndoana za viwanda zikaenea madukani katika nchi nyingi, kila moja na nambari yake. Mwanafunzi na akumbuke kwamba katika nambari za kawaida, nambari ikizidi kuwa kubwa ndoana huzidi kuwa ndogo; ya 12 ni ndogo kuliko ya 6. Mwaka 1938 kampuni ya Du Pont ya Marekani ilitangaza nailoni, na uzi huo, usiooza majini, ukachukua mahali pa kitani na pamba. Basi mvuvi wa kijijini akapata uzi na ndoana zilizo bora kuliko za mfalme Narmer. Lakini hakuna kiwanda kilichoweza kumfanyia kazi ya kuchagua.

Basi achague namna gani? Tuanze na chambo. Kwa kuwa kambare huongozwa na harufu na ladha, chambo chenye damu, mafuta au harufu kali hushinda chambo kizuri kwa macho. Matumbo ya kuku, maini, vipande vya samaki mwenye mafuta na nyungunyungu walioshonwa wengi pamoja, vyote vyafaa. Na mvua za kwanza ziletapo kumbikumbi, hao nao wafaa. Huko Nigeria na Marekani wako wavuvi watiao hata kipande cha sabuni katika ndoana, kwa ajili ya mafuta yaliyomo. Lakini mtu asidhani kwamba kila samaki mwenye ndevu ni sawa. Hongwe wa Ziwa Victoria hupenda zaidi kuwinda samaki wadogo. Huyo apewe samaki, si matumbo.

Kisha mpango wa mshipi. Kambare hutafuta chakula chini, kwa hiyo lazima pawe na chubwi, yaani kizito cha kuuzamisha mshipi. Chubwi lenye tundu katikati, ambalo mshipi hupita ndani yake bila kufungwa, ni bora, kwa kuwa samaki akivuta chambo hahisi uzito akakitema. Kati ya chubwi na ndoana yatosha shibiri moja au mbili. Mahali penye magugu mengi chini, afadhali chelezo kikishikilie chambo juu kidogo ya magugu. Kipande cha uzi kilicho karibu na ndoana kiwe kinene kuliko mshipi wenyewe, maana kambare ana meno madogo mengi kama tupa, nayo husugua uzi mpaka ukakatika. Kinywa chake ni kipana, basi ndoana nayo isiwe nyembamba ya kunyooka.

Ufito uwe wa mwanzi uliokomaa na kukaushwa vema, mnene shinani na mwembamba nchani. Ufito mgumu usiopinda hukata uzi, na ufito mlegevu humwachia samaki akimbilie matete. Na akiisha kutolewa majini, asishikwe ovyo, maana mapezi yake ya ubavuni yana miiba migumu. Yote haya huhitaji kukaa kimya ukingoni usiku, na mbu wakiuma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Sasa twafikia neno lililotufanya tuchague habari hizi. Mwaka 1905 nyavu za kitani ziliingizwa katika Ghuba ya Kavirondo, ambayo sasa huitwa Ghuba ya Winam. Zilivua kuliko vyombo vyote vya zamani, na reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa tayari kuchukua samaki kwenda mbali. Miaka 1927 na 1928 Michael Graham alichunguza samaki wa Ziwa Victoria, na taarifa yake ya mwaka 1929 ilieleza kwamba ngege wamepungua katika ghuba hiyo, ikashauri kwamba matundu ya nyavu yasiwe chini ya inchi 5. Tena yuko samaki aitwaye ningu, ambaye kama kambare hupanda mito wakati wa mvua ili atage. Watu walitega nyavu kwenye midomo ya mito na kumkamata kabla hajataga. Katika miaka ya 1950 ningu walipungua sana, na mito iliyojulikana kwa samaki hao ikabaki na wachache.

Kosa lile halikutokana na ujinga. Waliotega nyavu midomoni mwa mito walijua barabara tabia ya ningu, kama watu wa Katanda walivyoijua tabia ya kambare. Lakini watu wa Katanda walikuwa wachache, na chusa huchoma samaki mmoja mmoja. Watu walipokuwa wengi, na chombo kikawa cha kufunga mto mzima, elimu ile ile ikawa hasara.

Kambare ameokoka zaidi kuliko ningu, kwa kuwa aweza kuishi matopeni na kula kila kitu. Hata hivyo mabonde yake yamepungua kwa kulimwa, na kila mwaka mvua zinapoanza wako wamngojeao kwa uzio, migono na mapanga, wala hawamwachi jike aliyejaa mayai. Tena limezuka jambo jipya. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 sangara alitiwa katika Ziwa Victoria. Wavuvi humvua kwa mishipi mirefu yenye ndoana nyingi, na chambo wakipendacho sana ni kambare mchanga aliye hai. Samaki aliyetafutiwa chambo tangu kale amekuwa chambo mwenyewe. Wako wafugaji wa Kenya na Uganda wanaozalisha vifaranga vya kambare katika mabwawa ili kuwauzia wavuvi, na hiyo ni njia njema. Lakini achotaye vifaranga kutoka mabondeni huwatoa kambare wa kesho.

Basi twawashauri nini wasomaji wetu? Ndoana ina fadhila moja ambayo uzio hauna, nayo ni kwamba humwachia mvuvi nafasi ya kuamua. Ndoana kubwa huwaacha wadogo. Aliyenaswa hali ni jike mwenye mayai aweza kurudishwa majini. Na katika majuma ya kwanza ya mafuriko, kijiji kikikubaliana kuacha sehemu ya mto wazi, kambare watapanda, watataga, na watarudi.

Nanyi wanafunzi, waulizeni wazee wenu majina ya vyambo, ya miti ya fito na ya majira ya samaki katika lugha zenu, mkayaandike katika madaftari yenu. Elimu hiyo ni ya kale kuliko shule zetu, na wazee waijuao vizuri hupungua kila mwaka.